Jina Juu ya Maji

Yako mambo ambayo mwalimu huyafanya darasani asubuhi akayasahau kabla ya mlo wa mchana, na yako mengine ambayo humfuata hadi kwenye kiti chake cha uzeeni. Hili nitakalosimulia ni la namna ya pili. Lilinirudia katika baridi ya Julai, nimeketi barazani kwangu hapa Mhezi nikiangalia ukungu unavyopanda kutoka bondeni, siku ambayo mjukuu wangu alinisomea katika simu yake habari za mwanafunzi wa Kitanzania ambaye jina lake limebandikwa juu ya tabia ya maji dunia nzima.

Mwanafunzi huyo ni Erasto Mpemba, aliyezaliwa mwaka 1950. Sisi wawili ni watu wa rika moja, na yaliyompata yalitokea katika milima ya jirani zetu wa Usambara, ng'ambo ya bonde la Mkomazi. Mwaka 1963 alikuwa akisoma Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi pale walikuwa na mazoea ya kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyaingiza katika jokofu. Siku moja nafasi ikawa haba. Mwenzake mmoja aliamua kutochemsha yake, akaweka maziwa baridi yenye sukari. Mpemba naye, akiogopa kukosa nafasi, aliyaingiza yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu alikuta ya kwake yameganda na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia. Jibu lilikuwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye akamkuta rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, na huyo hakushangaa hata kidogo, maana ndivyo walivyokuwa wakifanya ili biashara iende haraka. Mpemba alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu wa huko akamtania kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya watu wote. Basi darasa zima likapata wimbo. Kila alipokosea hesabu, wenzake walisema hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kisha siku moja alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam: Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia. Alipomaliza kuzungumza, kijana akasimama na swali lake. Ukichukua maji ya ujazo sawa katika bika mbili, moja ikiwa na nyuzi 35 na nyingine nyuzi 100, ukaziingiza katika jokofu, ile ya nyuzi 100 hutangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake walicheka. Osborne hakusema ndiyo wala hakusema siyo. Alisema atakwenda kujaribu. Na kweli alijaribu, na mwaka 1969 ikatoka makala katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education, yenye kichwa cha neno moja tu, Cool?, pamoja na alama yake ya kuuliza. Majina ya waandishi yalikuwa mawili, Mpemba na Osborne, na la kijana ndilo lililotangulia. Sehemu ya kwanza ni Mpemba mwenyewe akisimulia, ya pili ni Osborne akieleza vipimo. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma mambo ya wanyamapori pale Mweka, karibu na Moshi.

Wataalamu bado hawajapatana juu ya jambo lenyewe. Mwaka huohuo wa 1969 George Kell wa Kanada naye aliandika habari hiyo, pasipo kujua ya Mpemba. Wako wanaotaja mvuke unaotoka, wako wanaotaja mzunguko wa maji ndani ya chombo, wako wanaotaja maji yanayoshuka chini ya sifuri bila kuganda. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima kwa uangalifu muda wa maji kupoa hadi nyuzi sifuri, wakasema hawakuona ushahidi kwamba ya moto hutangulia, na wakaonyesha jinsi kipimajoto kikisogezwa kidogo tu juu au chini kinavyoweza kumdanganya mtu. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, kwa chembechembe ndogo zilizo ndani ya maji, wakaliona jambo la namna hiyo waziwazi. Wote hao, anayekubali na anayekataa, hulitaja jina la Mpemba.

Lakini mimi si mtu wa maabara. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, nimekula chaki miaka mingi, na kilichonikamata ni jina.

Maana msomaji anaweza kuniuliza: je, Mpemba ndiye wa kwanza? La. Aristotle aliandika habari za maji yaliyopashwa moto kuwahi kuganda, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Bacon aliandika, na Descartes pia. Stephen Stigler alitoa kanuni mwaka 1980 kwamba hakuna uvumbuzi unaoitwa kwa jina la aliyeutangulia, kisha kwa utani akasema hata kanuni hiyo si yake, ni ya Robert Merton. Na wale wauza aiskrimu wa Tanga je? Walilijua jambo hilo wakalitumia kila siku kupata riziki, na hakuna aliyewaandika majina.

Siku hizi elimu ina madaftari yake ya deni. Tangu mwaka 1964, Eugene Garfield wa Marekani alipoanza kuchapisha fahirisi ya marejeo ya kisayansi, huweza kuhesabiwa makala fulani imetajwa mara ngapi na makala nyingine, na wasomi hupandishwa vyeo kwa hesabu hiyo. Sina ugomvi nayo. Ila tazama inachohesabu: karatasi kuitaja karatasi. Swali lililoulizwa na mtoto aliyesimama nyuma ya darasa halihesabiki mpaka mtu mmoja mwenye karatasi aamue kuliandika. Merton alikwisha kuonyesha mwaka 1968 kwamba mwenye jina kubwa huzidishiwa sifa na asiye na jina hupunguziwa, na jambo hilo akaliita kwa jina la Mathayo, kwa sababu ya mfano wa talanta. Kwa hiyo Osborne angeweza kabisa kuandika peke yake, na mwishoni akaweka mstari mmoja wa kumshukuru mwanafunzi fulani wa Iringa. Nani angemshitaki?

Hapo ndipo mjukuu wangu aliponiona nimenyamaza.

Mwaka 1983 nilikuwa nikifundisha sayansi katika shule moja ya msingi huku milimani. Tulikuwa kwenye somo la maji kugeuka mvuke. Msichana mmoja wa darasa la saba, ambaye kazi yake nyumbani ilikuwa kuchota maji, alisema: "Mwalimu, mtungi unapoa kwa sababu unakonda." Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, na hilo najipa. Nilimwuliza ana maana gani. Akasema mtungi unaopoza vizuri, ukiunyanyua jioni, ni mwepesi kuliko asubuhi, ingawa hakuna aliyekunywa na chini hapakudondoka kitu. Dumu la plastiki halipungui, na maji yake hayapoi.

Tukaazima mizani ya kupimia kahawa. Asubuhi tukapima mtungi na dumu, jioni tukapima tena. Mtungi ulikuwa umepungua karibu nusu kilo, dumu halikupungua kitu. Yule mtoto alikuwa ameshika kwa mikono yake jambo ambalo mimi nililikariri chuoni bila kuliona: kwamba maji yanapopenya kwenye udongo na kugeuka mvuke huondoka na joto, na joto hilo ni jingi mno. Kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hivyo huchukua joto linaloweza kupoza kilo 50 za maji kwa nyuzi 10 na zaidi.

Mwaka uleule nilialikwa kwenye semina ya walimu. Nikaeleza somo la mtungi na mizani. Walimu walipiga makofi, somo likachapwa kwa stensili likagawiwa shuleni, na chini yake lilikuwa jina langu peke yake. Hata lile neno la kukonda nililiweka kama langu. Nadhani lilinisaidia nilipofikiriwa kuwa mwalimu mkuu. Sikusema uwongo wowote. Hakuna aliyeniuliza.

Miaka yote nilijihesabu kuwa bora kuliko walimu wanaowacheka watoto. Sasa sina hakika. Yule wa Magamba alimkatalia Mpemba swali lake, lakini alimwachia. Kijana aliondoka nalo likiwa lake, akalibeba hadi Iringa. Mimi nilimsikiliza mtoto wangu, nikamwamini, nikampimia, kisha nikamnyang'anya. Waswahili husema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mimi sikumnyonga, na haki yake sikumpa.

Nilimtafuta. Anaishi huku tambarare, upande wa Same, ni bibi mwenye wajukuu. Nilichukua ile karatasi ya stensili, imekuwa ya manjano, nikaenda.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimweleza nililojia. Aliisoma karatasi taratibu, kidole juu ya mstari, kisha akasema, "Mwalimu, hapa mmeandika tuliuweka mtungi darasani. Tuliuweka nje chini ya mti, penye upepo. Darasani usingepoa hivi." Alikuwa sahihi. Walimu wangapi walijaribu somo lile ndani ya darasa wakaona halifai!

Nikamwuliza kama naweza kuliandika jina lake katika kitabu hiki. Alikataa. Alisema neno la mtungi kukonda halikuwa lake, lilikuwa la bibi yake. Nikauliza jina la bibi. Hakulijua, maana mama yule aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi yetu. "Niandike kwenye karatasi hiyo tu," akasema, "inatosha."

Nikatoa kalamu nikaliandika jina lake chini ya langu. Akalitazama.

"Huyo Mpemba wako, umesema jina lake lilikuwa la ngapi?"

Nikakata langu, nikaandika upya, lake kwanza. Juu kabisa tukaacha nafasi ya bibi. Kisha akaingia ndani kuniletea maji ya kunywa. Yalikuwa baridi sana. Nikamsifu kwa kutunza mtungi hadi leo, naye akacheka. Yalitoka kwenye jokofu.