Haki ya Mtazamaji

Je, mtu ana haki ya kuzitazama mila za watu wengine kwa sababu tu ana macho na nafasi ya kusafiri? Swali hili ni jepesi ulimini, lakini ni zito katika mizani ya adili. Linafaa kupimwa katika mji wa Same, chini ya milima ya Upare, kwa mfano wa msafiri anayetembea kwa baiskeli.

Motokaa humpitisha mtu mahali, baiskeli humfikisha. Mwendo wake huruhusu salamu, na salamu ni hodi ya kwanza ya utu. Katika mji wa Same msafiri huwakuta Wapare, Wasambaa, Wachaga na Wamasai wakiuziana sokoni. Akitafuta ngoma, yamkini ataikuta arusini, ataipiga picha, kisha ataondoka akidhani kwamba ameujua urithi wa mji. Hapo ndipo kosa lake huanza. Katika mji huo huo, mwaka 1945, maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakakusanyika mbele ya ofisi ya Bwana Shauri kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Jambo hilo halina sherehe ya kumvuta mpita njia, lakini ni urithi. Asiyeuliza atalijuaje?

Njia ya kupanda Mbaga humshusha mpanda baiskeli. Hapo hapandi tena. Husukuma, na mwenye kusukuma hujifunza unyenyekevu bila mwalimu. Huko juu yako mapango ya Mghimbi, ambamo watu walijificha katika karne ya 19 wakiwakimbia wawinda watumwa. Liko pia jiwe la Malameni, ambapo, kwa masimulizi ya wenyeji, watoto walitolewa kafara zamani. Mahali pa kwanza ni kimbilio. Pa pili ni majonzi.

Wako wasemao kwamba aibu isitiriwe, ionyeshwe furaha peke yake. Wengine husema kwamba kila kitu kifunuliwe, maana elimu haina haya. Kila upande umeshika nusu ya kweli. Alifichaye jiwe huiibia kweli. Alionyeshaye kwa kicheko huwaibia wafu heshima. Walakini si kila mlango uliofungwa umeficha uovu. Misitu ya jando ya Upare ilikuwa na siri zake, na ndani ya siri hizo vijana walifundwa utu uzima. Siri ya namna hiyo ni mali ya wenyewe. Mgeni hawezi kuidai, huweza kuaminiwa tu.

Basi haki ya kutazama hupatikanaje? Wahenga walijibu zamani: mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Katika milima hiyo maji ya kumwagilia mashamba hukusanywa katika ndiva, na kwa desturi ndiva huchimbwa na kusafishwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja. Msafiri akiiegemeza baiskeli yake mtini, akashika jembe, akatia miguu matopeni pamoja na wenyeji, huacha kuwa mtazamaji. Huenda asionyeshwe zaidi ya alichokwisha kukiona. Lakini atakachoambiwa jioni, penye sahani ya makande, atakuwa amepewa, hakukichukua.