Uwongo Mlangoni pa Shule

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, apitaye asubuhi mbele ya shule za watoto wadogo katika miji yetu ya pwani hakosi kuona jambo hili. Mtoto wa miaka minne amejitupa chini, sare imejaa mchanga, amelishika buibui la mamake kwa mikono miwili, analia hata sauti imemkauka. Mama naye aona haya kwa macho ya watu. Ndipo amwambiapo: “Nyamaza, mwanangu, naenda dukani kukununulia peremende, narudi sasa hivi.” Mtoto akatulia, akaiachilia nguo. Mama akazunguka pembe ya nyumba, akaenda zake, asirudi ila adhuhuri.

Je, amefanya vyema?

Wako wasemao kuwa huo ni uwongo wa kheri, kwani mtoto hana akili ya kupima, na kilio kimekatika. Hoja hii yataka kutazamwa. Uwongo ukiitwa wa kheri, hatuna budi kuuliza kheri hiyo ni ya nani. Mama amepumzika, na mwalimu amepumzika. Na mtoto je? Baada ya kitambo atautazama mlango, na mama haji. Machozi yake hayakuondolewa, yameahirishwa tu. Na juu yake imezidishwa huzuni ya pili, nayo ni kujua kwamba neno la mamake halishikiki. Kesho yake hataiachilia nguo hata akiambiwa kweli.

Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud ya kwamba mwanamke mmoja alimwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume (s.a.w.) akamwuliza alikusudia kumpa nini, naye akajibu kuwa ni tende. Akamwambia kwamba lau hangempa kitu, angaliandikiwa uwongo. Basi ikiwa neno juu ya tende moja lina hesabu, neno juu ya kurudi kwa mama lina hesabu kubwa zaidi.

Na wenye elimu ya malezi nao wameona lililo karibu na hilo. Bibi Mary Ainsworth alikaa Uganda mwaka 1954 na 1955, akiwatazama watoto wachanga 28 na mama zao katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, kisha akatoa kitabu mwaka 1967. Aliona kuwa mtoto hutoka kwa mamake akacheza, akarudi, akatoka tena. Kwa mfano wetu sisi watu wa pwani, mama ni bandari. Na nahodha mwenye yakini ya bandari yake ndiye athubutuye kwenda mbali.

Vitisho ni ndugu wa uwongo huo. Mtoto huambiwa, “Polisi atakuchukua,” au, “Mwalimu atakuchapa,” ilhali sheria ya Kenya imekataza viboko shuleni tangu mwaka 2001. Kisha hukabidhiwa mwalimu yuyo huyo, akatakiwa ampende!

Basi mzazi na amwambie mtoto kweli tangu usiku: kesho utakwenda shule, nami nitakuja baada ya wewe kunywa uji na kucheza. Na aamke mapema, kwani haraka ya asubuhi huzaa nusu ya vilio hivi. Mlangoni amwage kwa maneno machache, amkabidhi mwalimu mkononi, aende bila ya kujificha. Na saa ya kurudi aichunge kama achungavyo deni. Mwalimu naye asimcheke mtoto wala asimwambie kwamba halii mwanamume. Akiendelea kulia wiki baada ya wiki, iulizwe sababu: huenda amepigwa na mwenziwe, au aogopa choo.

Atalia siku za kwanza, nasi hatukatai. Lakini kilio hupita. Utafika mwaka ambao sisi tutasimama mlangoni na kumwuliza kijana wetu aenda wapi na atarudi lini. Atatujibu kwa lugha tuliyomfundisha.