Mama Asiyeonekana Kanisani

Neno la kutafakari: Marko 5, 25–34

Habari za mama huyu mmezisikia mara nyingi. Alitokwa damu miaka 12, akawaendea waganga wengi, akatumia mali yake yote, wala hakupata nafuu. Lakini liko jambo ambalo Marko hakuliandika, kwa maana kila Myahudi alilijua: kwa torati (Walawi 15) mwanamke wa namna hiyo alikuwa najisi, na kitanda chake, na kiti alichokalia, na kila aliyevigusa. Basi miaka ile haikuwa ya ugonjwa tu. Ilikuwa miaka ya kukaa mbali na watu. Ndiyo sababu alikuja kwa nyuma, kwa siri, akitaka kugusa vazi na kwenda zake.

Nami nina neno la kuungama kwenu. Nilipokuwa mwalimu kijana nalikabidhiwa kitabu cha Wakristo wa mtaa mmoja. Palikuwa na mama aliyebatizwa na kufunga ndoa kanisani, ambaye kwa mwaka na zaidi hakuonekana ibadani wala katika Chakula cha Bwana. Wazee waliniambia, "Huyo amepoa." Nikaandika kando ya jina lake: amerudi nyuma. Sikwenda kwake. Siku moja mke wangu alikwenda kwao kutafuta mbegu za maharage, akamkuta nyuma ya nyumba, amekalia gunia. Alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa siku tatu, mtoto akafa tumboni, na tangu hapo mkojo ulimtoka mchana na usiku pasipo kuzuilika. Hakuwa amerudi nyuma. Aliona haya kuketi benchini.

Ugonjwa huu huitwa fistula. Watu husema ni laana, au malipo ya uzinzi, au amerogwa. Tena wako wahubiri waliosema hivyo. Si kweli, na yatupasa kusema mimbarani kwamba si kweli. Mtoto asipopata njia ya kutoka, kwa kuwa nyonga ya mama ni nyembamba au mtoto amekaa vibaya, kichwa chake hukandamiza kibofu cha mkojo juu ya mifupa saa baada ya saa. Damu haipiti hapo, nyama hufa, na baada ya siku chache hubanduka. Tundu hubaki kati ya kibofu na njia ya uzazi. Pengine hutokea upande wa haja kubwa pia. Mama aliyefikishwa hospitalini mapema, akapasuliwa na mtoto akatolewa, huepushwa na taabu hii. Basi kosa, likiwapo, ni la umbali na la barabara, na la sisi tuliosema, "Na angoje kidogo."

Waganga waliojifunza kazi hii hulishona tundu, wakamwekea mgonjwa mpira wa mkojo yapata majuma mawili ili kibofu kipumzike. Wengi hupona. Tundu dogo, mama akiwahi hospitalini, pengine hujifunga kwa mpira tu pasipo kisu. Wengine huhitaji kushonwa tena, na wako ambao tundu limeziba lakini mkojo bado huwaponyoka. Nasema hivi ili asiwepo mwalimu wa kuahidi asichoweza kutoa. Yule mama wa gunia alishonwa mara mbili kabla ya kukauka. Maneno yale katika kitabu niliyafuta mimi mwenyewe.

Ujuzi huu ulipatikana kwa uchungu wa wengine. Huko Montgomery, katika jimbo la Alabama, Marekani, kati ya 1845 na 1849, mganga J. Marion Sims alijaribu kuziba matundu haya katika miili ya wanawake weusi waliokuwa watumwa. Majina ya watatu yamebaki: Anarcha, Betsey na Lucy. Hawakuwa na uhuru wa kukataa. Anarcha alipasuliwa mara 30 hivi, pasipo dawa ya usingizi, hata uzi wa fedha ulipofaulu. Sims alisimamishiwa sanamu New York, nayo iliondolewa katika Central Park mwaka 2018. Lakini huko Addis Ababa, ambako waganga Reginald na Catherine Hamlin walifika mwaka 1959, na mwaka 1974 wakafungua hospitali ya wanawake hawa, mambo yalikuwa mengine. Mmoja wa wagonjwa wao, Mamitu Gashe, msichana wa kijijini asiyejua kusoma, alikaa akisaidia kazi, akafundishwa kushona, hata naye akawafundisha madaktari.

Sasa turudi kwa Marko. Bwana alikuwa njiani kwenda kwa Yairo, na mtoto yu katika kufa. Mama amekwisha kupona. Kwa nini asimame na kuuliza ni nani? Wanafunzi waliona ni swali la bure. Nadhani kama angalimwacha aende, angalikuwa mzima wa mwili, na watu wangalizidi kumwita najisi, maana hakuna aliyejua. Bwana alimsikiliza mbele ya mkutano, kweli yote, Yairo akingoja. Yairo alikuja kumwombea binti yake. Huyu asiye na wa kumwombea akaitwa Binti vilevile.

Walimu, fungueni vitabu vyenu. Tafuteni majina ya akina mama waliokosekana tangu walipojifungua. Waende wake zenu au akina mama wa usharika, wala si wazee. Wamwambie asijinyime maji, kwa maana wengi huacha kunywa ili wasilowe, na mkojo mkali huwachoma zaidi. Wamjulishe kwamba kazi hii imefanyika Bugando, Mwanza, na CCBRT, Dar es Salaam. Mwaka 2009 CCBRT ilianza kutuma nauli kwa njia ya simu, kwa kuwa wengi walizuiliwa na nauli. Nauli hata usharika maskini waweza kuichanga. Naye akirudi, asilale na mumewe miezi mitatu, asibebe mizigo, na uzazi ujao uwe hospitalini, kwa kupasuliwa. Mume aambiwe hayo, na mama mkwe pia, kabla hajamkabidhi ndoo ya maji.