Maswali Mawili ya Mama Mmoja



Jumapili moja baada ya ibada mama mmoja alitungoja mlangoni pa kanisa, amemshika mkono mwanawe wa miaka tisa. Mtoto huyo ana selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu twauita siko seli. Mama alikuwa amesikia redioni kwamba wataalamu wa ng'ambo sasa waweza kuchukua chembe za mgonjwa, wakazirekebisha katika maabara, kisha wakamrudishia mwenyewe na maumivu yakakoma. Alituuliza maswali mawili. La kwanza aliliuliza kwa sauti, watu wote wakasikia: "Je, kufanya hivyo si kumkosoa Mungu?" La pili alilisema polepole, akimtazama mtoto: "Na kama si dhambi, huyu wangu ataipata lini?"

Lile la kwanza tulilijibu papo hapo, tena kwa maneno mengi. La pili tulilipita. Tangu siku hiyo dhamiri imetusuta, maana twaona kwamba tulichagua swali jepesi. La kwanza twaweza kulijadili mpaka jua likatua bila kututoka hata senti moja. La pili latudai kitu. Basi leo twataka kuyachukua yote mawili, moja baada ya jingine.

Kwanza yatupasa kuujua ugonjwa wenyewe. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya ni za mviringo, tena laini, hupita kwa urahisi katika mishipa myembamba. Chembe za mgonjwa wa selimundu hupinda kama mundu, zikawa ngumu, zikakwama. Hapo ndipo huanza maumivu makali ya mifupa, na upungufu wa damu, na kudhoofika kwa bandama ambako humwacha mtoto bila kinga ya kutosha. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za chembe hizo alizoziona katika damu ya mgonjwa wake. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kasoro imo katika himoglobini, yaani ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa.

Kasoro hiyo hurithiwa. Kila mtu hupokea nakala mbili za maagizo ya kutengeneza himoglobini, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye nakala moja tu yenye kasoro kwa kawaida haugui, huibeba bila kujua. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Tuyaangalie vizuri maneno hayo: baba na mama. Ni mara ngapi tumesikia mwanamke akirudishwa kwao kwa sababu eti ukoo wao una damu mbaya? Mtoto haupati ugonjwa huu kwa urithi wa upande mmoja. Mume anayemlaumu mkewe kwa neno hilo amejilaumu na yeye mwenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo jipya. Mwaka 2012 Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier waliandika habari za chombo kiitwacho CRISPR, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020. Chombo hicho twaweza kukifananisha na mkasi. Asili yake ni kinga ambayo bakteria hutumia kujilinda na virusi. Wataalamu wamejifunza kukielekeza mahali wanapotaka katika maagizo ya urithi, kikakata hapo. Mwezi Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu itumiayo mkasi huo, iitwayo Casgevy, na mwezi uliofuata Marekani nayo iliidhinisha, kwa wagonjwa wa miaka 12 na kuendelea.

Namna inavyofanya kazi ni ya kustaajabisha. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya namna nyingine, ambayo haipindishi chembe. Baada ya kuzaliwa, mwili huizima taratibu na kuwasha ile ya ukubwani. Wataalamu huchukua kwa mgonjwa zile chembe za uboho zinazozaa damu, wakakata sehemu inayosaidia kuizima himoglobini ya kichanga, kisha wakamrudishia. Nayo himoglobini ile iliyokuwa imelala huamka. Kwa hiyo kasoro yenyewe haikufutwa, bali mwili umerudishiwa uwezo uliokuwa nao tangu tumboni. Katika majaribio yaliyopelekea idhini ya Marekani, wagonjwa 29 kati ya 31 walioweza kupimwa kwa muda uliotakiwa walikaa miezi 12 mfululizo au zaidi bila kupatwa na maumivu makali.

Lakini tusije tukadhani ni jambo la kumeza kidonge. Kabla ya kurudishiwa chembe zake, mgonjwa hupewa dawa kali ya kuusafisha uboho wa zamani. Dawa hiyo humlaza hospitali kwa majuma kadhaa, nayo yaweza kumwondolea uwezo wa kuzaa. Kijana wa miaka 12 na wazazi wake wanapoulizwa kama wanakubali, wanaulizwa jambo zito sana.

Je, huku ni kumkosoa Mungu? Sisi twasema la. Kama kuugusa mwili alivyouumba ni kumkosoa, basi mkunga amkosoa, na mtoa chanjo, na hata babu anayevaa miwani apate kusoma. Mgonjwa yupo, anaumia, ana jina lake. Anaelezwa hatari zake, naye anakubali au anakataa. Badiliko hubaki katika damu yake, halipiti kwa watoto wake. Hayo ni matibabu kama matibabu mengine, ingawa kisu chake hakionekani kwa macho.

Hata hivyo mpaka upo, nao umekwisha kuvukwa. Mwezi Novemba 2018 mtaalamu wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba amebadili urithi wa watoto mapacha wakiwa bado vijusi katika maabara, ili wasiambukizwe virusi vya Ukimwi. Wataalamu wa dunia nzima walimlaumu, na Desemba 2019 mahakama ya nchi yake ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Kosa lake twaliona wazi. Watoto wale hawakuwa wagonjwa. Zilikuwapo njia nyingine za kuwakinga. Wala hawakuweza kuulizwa, na kile walichowekewa chaweza kupita kwa wana wao na wajukuu wao.

Tena iko sababu nyingine ya kuuheshimu mpaka huo, na sababu hiyo imetoka hapa kwetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alipima damu ya watu wengi wa Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akatangaza kwamba wale wenye nakala moja tu ya selimundu wana kinga dhidi ya malaria. Ndiyo sababu urithi huu umeenea mahali penye mbu wengi. Kitu kile kile ambacho kikikutana kwa pande mbili humtesa mtoto, kikiwa cha upande mmoja kimewavusha wazee wetu katika homa zilizowaua wenzao. Je, kama karne nyingi zilizopita mtu angalikuwa na mkasi huu, akaling'oa jambo hili katika vizazi vyote kwa nia njema kabisa, ni wangapi kati yetu tusingalizaliwa? Anayetaka kubadili mbegu ya watu ambao hawajazaliwa na akumbuke hilo, kwa kuwa hajui anang'oa nini pamoja na gugu.

Basi swali la kwanza tumelijibu: kumtibu aliye mgonjwa, ndiyo, kuwapangia wasiozaliwa, tusiharakishe. Twalala usingizi mzuri. Lakini mama yule bado amesimama mlangoni, na mtoto amemshika mkono.

Ataipata lini? Tiba hiyo ilipotolewa Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nao wagonjwa wako wapi? Kila mwaka watoto zaidi ya 300,000 huzaliwa duniani na ugonjwa huu, na wengi wao ni Waafrika. Nigeria, Kongo na Tanzania zimo katika nchi zenye watoto wengi zaidi wa namna hiyo. Dawa imewekwa ng'ambo moja ya mto, na wagonjwa wengi wako ng'ambo ya pili.

Wapo wanaosema kwamba fedha za kumtibu mgonjwa mmoja zingaliweza kuwanunulia watoto maelfu dawa za kawaida, kwa hiyo tiba hiyo ni ubadhirifu. Hatukubaliani nao kabisa. Hatuwezi kumwonea kijivu mtu aliyepona, wala kutamani angebaki katika maumivu ili hesabu zetu zikae sawa. Tena dawa nyingi zilizo rahisi leo zilikuwa ghali zilipoanza. Lakini twasema hivi: ujuzi wa ugonjwa huu haukutoka kwa matajiri peke yao. Babu na bibi zetu walinyosha mikono, damu yao ikachukuliwa, ikapimwa, ikaandikwa vitabuni. Tangu mwaka 2004 pale Muhimbili, Dar es Salaam, wagonjwa maelfu wamefuatiliwa na watafiti wetu ili elimu ipatikane. Mtu aliyesaidia kulima shamba hastahili kuambiwa siku ya mavuno kwamba hana fungu. Watawala, watengenezaji wa dawa na wenye fedha yawapasa kulisikia neno hilo, na sisi yatupasa kulisema bila kuchoka.

Hata hivyo, tukiishia kuwalaumu watu wa mbali, tutakuwa tumelikimbia tena swali la pili. Maana yako mambo mengine yasiyongoja mkasi wowote. Mwaka 1986 utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba watoto wadogo wenye selimundu waliopewa penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku walipungukiwa na maambukizo makali kwa asilimia 84. Penisilini ni dawa ya zamani, wala si ghali. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti juu ya watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda waliopewa dawa ya haidroksiyurea. Maumivu yalipungua, malaria ikapungua, haja ya kuongezewa damu ikapungua, na vifo navyo vikapungua. Lakini mtoto hawezi kupewa dawa hizi kama haijajulikana kwamba ni mgonjwa. Na kumjua hutaka kipimo cha tone la damu, tena mapema, akiwa bado mchanga.

Hapo sasa twafika mlangoni petu wenyewe. Wako wazazi wanaoficha ugonjwa wa mtoto kwa aibu, kwa kuwa sisi tumewaonyesha aibu. Wako wanaozungushwa kwa waganga mpaka mtoto aishiwe damu, kwa kuwa jirani alinong'ona habari za kurogwa. Wako vijana wanaotangaziwa ndoa kanisani bila yeyote kuwaambia kwamba kipimo kipo. Hatusemi wanaobeba urithi huu wakatazwe kuoana. Hilo si letu kuamua, na upendo wa watu wawili si hesabu ya maabara. Lakini kumwacha mtu aingie gizani ilhali taa tunayo, huko si kumheshimu.

Tena iko habari ya damu. Mtoto wa selimundu mara nyingi huhitaji kuongezewa damu, na mara nyingi mama yake huambiwa akatafute ndugu wa kutoa. Sisi tunaojaza viti kila Jumapili tuna damu mwilini. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuitoa kwa mtu ambaye si wa ukoo wetu? Twaijua sana habari ya yule aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, na ya watu wa dini waliompita kando. Hatuambiwi kwamba walikuwa na mjadala mbaya kichwani mwao. Labda walikuwa wakiwaza mambo makubwa na matakatifu. Kosa lao ni kwamba walipita.

Basi twarudi kwa mama yule. Hatuwezi kumtajia mwaka ambao tiba ile itafika hapa, na kumdanganya tusimdanganye. Twaweza kumwambia kwamba mwanawe hakulaaniwa, wala yeye hakumkosesha. Twaweza kufuatana naye kliniki siku ambayo nauli imempungukia au moyo umemchoka. Twaweza kuwaambia vijana wetu ukweli kabla hawajachagua nguo za harusi. Nasi tunaoandika maneno haya, ambao tulimjibu nusu tu siku ile, tumekubaliana kwenda pamoja kutoa damu. Yeyote anayetaka kufuatana nasi na atuone Jumapili baada ya ibada. Tutakuwa pale pale mlangoni alipotungoja yeye.