Keti Kwanza, Uhesabu

Kijana mwenzangu, wiki tatu zilizopita nilikuwa natoka kanisani baada ya masifu ya jioni, simu ikaita. Alikuwa rafiki yangu wa kidato cha sita. Tulisoma PCM pamoja, dawati moja.

"Frateri, Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele Amina, Injinia! Za siku?"

Akaniambia amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili katika uhandisi wa mifumo ya kompyuta. Nikampongeza sana. Yaani mdomo ulipongeza, lakini moyo ulichoma.

Niseme ukweli, maana nikiuficha mahubiri haya hayatakuwa na maana. Ndoto hiyo ilikuwa yangu kabla haijawa yake. Mimi ndiye niliyemwonyesha jinsi ya kufungua kompyuta mbovu ya shule, kupuliza vumbi na kuiwasha tena. Kisha yeye akaenda chuo, mimi nikaenda seminari, nikasoma falsafa. Usiku ule nilisali sala ya usiku huku nikimhesabia mwenzangu mshahara ambao hata bado hajaupata. Wivu haujali kama umevaa kanzu.

Lakini simu ile ilikuwa haijaisha. Sauti yake ilishuka, akasema: "Frateri, wajomba wameamua kiwanja cha mama kiuzwe nilipe ada. Na mimi sijui. Huu ni wito, au ni tamaa yangu tu?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia anipe siku chache nisali. Neno lililonijia ni lile la Injili ya Luka 14:28-30. Yesu anamzungumzia mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuchimba msingi, anatakiwa aketi na kuhesabu gharama, asije akaishia njiani watu wakamcheka. Mara nyingi tunakimbilia hesabu, tunasahau kwamba kwanza mtu anaketi. Ukiwa unakimbia huwezi kuhesabu vizuri. Basi tuketi kidogo, tuhesabu mambo matatu.

La kwanza: unasoma kwa ajili ya nini?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anatofautisha hamu mbili za kujua. Moja anaiita *studiositas*, bidii ya kujifunza iliyo na mpangilio mzuri, na hiyo ni fadhila. Nyingine ni *curiositas*, hamu ya kujua iliyopotoka, kwa mfano mtu anapotafuta elimu ili ajivune. Kwa nje hizi mbili zinafanana kabisa. Wote wawili wanakesha, wote wanafaulu. Tofauti iko ndani.

Wengine wanadhani masomo ya juu ya kompyuta yanamvuta mtu mbali na Mungu. Mwangalie Sista Mary Kenneth Keller wa Marekani, mtawa wa Shirika la Masista wa Upendo wa Bikira Maria Mwenye Heri. Alipata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1965, miongoni mwa watu wa kwanza kabisa nchini mwake kupata shahada hiyo. Kisha akaanzisha idara ya sayansi ya kompyuta katika Chuo cha Clarke, mjini Dubuque, akaiongoza kwa miaka 20. Alikuwa ameweka nadhiri muda mrefu kabla ya hapo. Hakuacha utawa ili asome, wala hakuacha kusoma ili awe mtawa mwema. Kwa hiyo usimwulize Mungu, "Wewe au kompyuta?" Mwulize, "Unataka niitumie kwa nani?"

La pili: ni nani watakaoegemea kazi yako?

Mhandisi wa mifumo ya kompyuta haandiki programu peke yake. Anaunganisha saketi, kumbukumbu, mtandao na programu, vyote vifanye kazi kama kitu kimoja. Mara nyingi ajali hutokea pale viungo vinapokutana.

Kati ya mwaka 1985 na 1987, huko Kanada na Marekani, mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwapa wagonjwa angalau sita mionzi mingi kupita kiasi. Baadhi yao walifariki. Moja ya makosa lilikuwa hivi: mhudumu aliyeandika maagizo kimakosa, kisha akayasahihisha haraka, alisababisha sehemu moja ya programu ipokee agizo jipya na nyingine ibaki na la zamani. Kiwambo kilionyesha "kosa namba 54", bila maelezo ya kueleweka. Wahudumu walishazoea ujumbe wa makosa, wakabonyeza kitufe cha kuendelea. Kosa la aina hiyo lilikuwepo hata kwenye mashine ya awali, ila ile ilikuwa na vizuizi vya vifaa vyenyewe vilivyozuia mionzi isipite. Katika mashine mpya ulinzi ule uliondolewa, kazi ikaachiwa programu.

Wagonjwa wale hawakuwajua wahandisi. Walilala tu pale kitandani, wakaamini. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tasnifu ambayo pengine itasomwa na watu watano inaweza kuwa tendo la upendo. Saa kumi usiku, mwanafunzi anayerudia jaribio ambalo msimamizi wake asingegundua limerukwa, anampenda jirani asiyemfahamu. Na wewe unayenakili kazi ya mwenzako ili upate cheti, kuna mtu siku moja atalala juu ya ujinga wako.

La tatu: nani analipa?

Hapa nilimpigia simu rafiki yangu, nikamwuliza swali moja tu. "Mama amesemaje?"

Kimya. Kisha akasema, "Kwa kweli, Frateri, mimi sijaongea naye. Wajomba ndio walioongea."

Ndugu zangu, kiwanja kile ndicho kitu pekee alichonacho mama yule tangu afiwe. Baraza limekaa, hesabu imepigwa, na mwenye mali hakuketishwa. Nikamwambia, "Nenda nyumbani. Usiende na karatasi za chuo. Nenda ukae naye."

Alikwenda Jumamosi. Mama alimsikiliza huku akichambua mchele, halafu akasema: "Mwanangu, kuuza naweza. Ila niambie, unakwenda kusoma kwa sababu umependa, au kwa sababu wenzako wamekuacha?"

Mama yule hajasoma Tomaso wa Akwino.

Rafiki yangu alilia, akajibu kwamba vyote viwili vimo. Wakakubaliana kiwanja kisiuzwe mwaka huu. Ameandika barua chuoni kuomba nafasi yake isogezwe mbele, anatafuta ufadhili, na kwa sasa anafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo cha ufundi. Chuo bado hakijamjibu. Huenda nafasi itapotea. Wajomba wamekasirika. Sitakudanganya kwamba ukiketi na kuhesabu kila kitu kinakaa sawa. Lakini juzi aliniambia analala usingizi.

Nami nilipeleka wivu wangu kwenye kitubio. Padre hakunilaumu sana. Kwa malipizi alinipa kumwombea rafiki yangu afaulu, kwa jina lake, kila siku kwa mwezi mzima. Siku za kwanza ilikuwa kama kumeza mwiba. Sasa namwombea na kutabasamu.

Kijana mwenzangu, kama una barua ya chuo mezani, au fomu ya seminari, au ya utawa, usiijaze leo usiku. Nenda mbele ya Ekaristi Takatifu, uketi. Jiulize: kwa ajili ya nini, nani ataniegemea, nani analipa. Kisha nenda ukakae na yule anayelipa, umsikilize hadi mwisho.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyefanya kazi ya mikono Nazareti kwa miaka mingi bila kuonekana, utusafishie hamu yetu ya kujua. Uwasaidie wanafunzi waliokata tamaa kwa kukosa ada. Uwakumbuke akina mama wanaouza walivyo navyo ili sisi tusome. Utufundishe kufurahia heri ya wenzetu. Amina.

Ni mimi Frateri wenu. Mniombee.