Uyoga Walioula Mababu

Wajukuu zangu, mmenisikia mara nyingi nikisema, "Hivi ndivyo walivyokula wazee wetu." Leo nawaomba mlipime neno hilo, hasa linapohusu uyoga.

Huko Japani kuna uyoga mweupe uitwao sugihiratake. Huota kwenye visiki na magogo yanayooza ya misonobari na miti inayofanana nayo, hasa mti wanaouita sugi. Hauna shina la kuonekana. Umekaa kama sikio lililobandikwa kwenye gogo, na upande wa chini una mikunjo myembamba iliyobanana kama kurasa za kitabu. Katika mikoa ya Akita, Yamagata na Niigata, kila vuli watu waliingia misituni kuuchuma, wakautia kwenye supu. Babu alimwonyesha mwana, mwana akamwonyesha mjukuu. Hakuna aliyeuogopa.

Vuli ya mwaka 2004, watu 59 katika mikoa tisa waliugua baada ya kuula. Miguu iliisha nguvu, miili ikatetemeka, kisha degedege, kisha fahamu zikapotea: ubongo ulikuwa umedhurika. Watu 17 walifariki. Wala haikuwa sumu ya kumtapisha mtu usiku uleule. Wengine walikaa siku kadhaa, wengine wiki, ndipo maradhi yakajitokeza.

Wengi wao walikuwa wagonjwa wa figo, wakiwamo waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine. Lakini wengine hawakujulikana kuwa na ugonjwa huo, na hapo ndipo moyo wangu unapouma. Figo huharibika kimyakimya. Ni nani kati yenu aliyewahi kupima zake? Serikali ya Japani sasa inawaambia watu wote wasiule uyoga huo, wenye figo nzima na wenye figo mbovu.

Nawasikia mkisema uyoga ulioliwa na wadudu hauna sumu. Si kweli: konokono hula uyoga unaoua mtu na asidhurike. Mnasema pia moto humaliza sumu. Wale wa Japani waliupika.

Basi msioujua uacheni gogoni, hata mkiwa na njaa, hata mimi nikiwaambia niliula utotoni. Na ikitokea mtu ameula, akaanza kutetemeka au kulegea miguu, mkimbizeni hospitali, mchukue na mabaki ya uyoga kama yapo, mumwambie daktari uliliwa lini, hata kama ni wiki mbili zilizopita.