Fao la Uzazi: Sadaka au Haki?

Swali letu la juma hili ni la nyumbani, wala si la wanasheria peke yao. Mama mmoja ameajiriwa, naye ana mimba ya miezi sita. Ajua kwamba yako mafao ya uzazi aliyowekewa na sheria, na ya kuwa mwajiri wake hana budi kumpa likizo yenye malipo. Walakini haendi kudai. Ukimwuliza sababu, atakujibu kwamba aona haya. Kwamba kuomba fedha kwa ajili ya mimba ni sawa na kunyosha mkono barabarani. Kwamba bibi yake alizaa watoto tisa pasipo kujaza karatasi hata moja. Mama wa namna hii si mmoja katika nchi yetu. Basi twauliza: je, ukimya wake ni unyenyekevu, au ni kosa lenye sura ya unyenyekevu? Na sisi tunaomsifu kwa ukimya huo, twamtendea mema?

Kwa maoni yetu, fujo yote yatokana na kuchanganya maneno mawili, sadaka na haki. Sadaka hutoka katika mali ya mtoaji, naye akipenda hutoa, asipopenda hatoi; anayepokea yampasa kushukuru. Haki ni mali yako mwenyewe iliyo mikononi mwa mwingine. Anayekurudishia haki yako hakukupa zawadi. Ametimiza wajibu tu. Ni vizuri kumshukuru kwa adabu, lakini huna sababu ya kumwinamia.

Sasa na tutazame fedha yenyewe yatoka wapi. Hapa Tanzania Bara wafanyakazi walianza kuwekewa akiba ya lazima katika Mfuko wa Akiba wa mwaka 1964. Kwa sheria ya mwaka 1997 mfuko huo ukageuzwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, na fao la uzazi likawekwa miongoni mwa mafao yake. Kila mwezi sehemu 20 katika 100 za mshahara hupelekwa huko, na mfanyakazi hawezi kukatwa zaidi ya nusu yake. Iliyobaki ni juu ya mwajiri. Mwanamke apewe fao la uzazi sharti awe amechangia miezi isiyopungua 36, na kati ya hiyo 12 iwe ndani ya miaka 3 iliyotangulia kujifungua kwake. Watumishi wa umma wana mfuko wao, na ndugu zetu wa Visiwani wana sheria yao na mfuko wao.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwanamke aliyekatwa mshahara miezi 36, akaenda siku moja kudai kilichoahidiwa, ameomba nini kwa mtu? Hakuomba kitu. Amekwenda kuchukua kwenye ghala aliloshiriki kulijaza. Ni kweli kwamba ndani ya ghala hilo mna nafaka ya wengine pia, ya wanaume na ya wasio na mtoto. Lakini hao nao watakuja kwa zamu yao, huyu kwa uzee wake, yule kwa ulemavu wake. Na watoto wanaozaliwa leo ndio watakaobeba mzigo wa ghala hilo kesho.

Twajua kwamba wazee watatuambia, “Zamani hatukuwa na mambo hayo.” Wasamehe, walikuwa nayo. Bibi aliyezaa watoto tisa hakuachwa peke yake. Majirani walimtekea maji, wakamletea kuni na uji, na katika makabila mengi hakuruhusiwa kushika jembe mpaka siku zake za uzazi zitimie. Huko pwani hata leo watu husema juu ya arobaini ya mzazi. Wala hakuna aliyemwita ombaomba kwa sababu ya kula uji wa jirani, kwa kuwa yeye naye alikuwa amepika uji kwa ajili ya wengine, na angepika tena. Mama wa leo akaa chumba cha kupanga mjini, na jirani yake huondoka alfajiri kwenda kibaruani. Uji wa zamani hauna mtu wa kuupika. Mfuko na bima ni ujirani ule ule, ila sasa umeandikwa katika daftari. Tena tusisifu mno mambo ya kale, maana twajua ni akina mama wangapi walizikwa pamoja na watoto wao kwa kukosa mkunga na dawa.

Hata sheria ya kazi yakubali kwamba mzazi ahitaji kupumzika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Yamkataza kufanya kazi katika majuma 6 ya kwanza baada ya kujifungua, isipokuwa mganga amethibitisha kwamba ni salama. Akirudi kazini, yampa nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Yakataza pia mwanamke asiachishwe kazi kwa sababu ya mimba. Kwa upande wake, mama yampasa kumjulisha mwajiri miezi 3 kabla ya tarehe anayotazamia kujifungua, pamoja na cheti cha mganga. Hapo ndipo haya humdhuru, kwa maana anayeficha mimba yake hata siku za mwisho hujiwekea ugomvi na mwajiri ambao hakuwa na haja nao. Wazee walinena, mficha uchi hazai.

Liko jambo jingine zito zaidi. Mtu akitaka kuacha haki yake mwenyewe, yu huru. Waweza kudai shilingi zako kwa jirani, nawe waweza kumsamehe, na tendo hilo huenda likawa jema sana. Lakini siku hizo 84 si za mama peke yake. Nusu yake, au zaidi, ni ya mtoto. Ni maziwa yake, ni joto la mama yake, ni nauli ya kumpeleka kliniki. Mtu hatoi sadaka kwa mali ya mwingine. Basi mama anayeacha kudai kwa haya, amesamehe deni ambalo mwenye kulidai hajui bado kusema. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ndiyo maana mzazi ndiye aliyepewa kumsemea.

Na baba je? Jambo la Uingereza laweza kutufundisha. Mwaka 1911 Bunge la nchi ile lilipitisha sheria ya bima ya taifa iliyoletwa na Waziri wa Fedha, David Lloyd George. Humo mliwekwa fao la uzazi la shilingi 30 za nchi hiyo. Lakini kwa kuwa mwenye bima mara nyingi alikuwa mume, fedha ilikuwa yake kisheria. Chama cha wanawake wa vyama vya ushirika kikapiga kelele kwamba fedha ya uzazi ni ya anayezaa, na mwaka 1913 sheria ikarekebishwa, fao likawa mali ya mama. Wanaume wengine walinuna. Twaona kwamba waliorekebisha walikuwa na haki. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya uzazi ikaishia kilabuni, au katika kulipa deni la baiskeli, imepotoshwa njia, hata kama aliyeitumia ni mwenye nyumba. Baba wa jamaa na aulinde mfuko huo kama alindavyo mbegu za kupanda. Naye pia sheria yampa siku 3 za likizo mkewe ajifunguapo, asizitumie barazani.

Tumesema na mama, tumesema na baba; sasa twasema na waajiri, nao si wenye viwanda tu. Wasomaji wetu wengi wana msichana wa kazi nyumbani. Yeye ndiye apikaye, afuaye, aleaye watoto, ili bibi wa nyumba apate kwenda ofisini na kudai mafao yake kwa kichwa kilichoinuliwa. Je, msichana huyo ameandikishwa? Akipata mimba, hupewa likizo, au hupewa nauli ya basi na kanga mbili? Sheria haikusema kwamba siku 84 ni za wenye vyeti peke yao. Hatuwezi kudai haki mlango wa mbele, huku twaitupa nje kwa mlango wa jikoni.

Kibaya zaidi ni yule mwajiri anayekata mchango katika mshahara na asiupeleke kwenye mfuko. Karatasi ya mshahara yaonyesha makato. Daftari la mfuko halionyeshi kitu. Mama hugundua siku aliyofika dirishani na mimba yake, na karani amwambia kwamba jina lake lina miezi michache tu. Tusitafute maneno laini. Huo ni wizi, tena wizi aliotendewa mtu wakati asipoweza kukimbia.

Twakiri kwamba waajiri wadogo wana hoja. Mwenye duka la watu watatu husema, “Nikimlipa aliyeko likizoni na nikamlipa anayeshika nafasi yake, nitafunga duka.” Hatari ya hoja hiyo ni kwamba huishia katika kuwakataa wanawake vijana wakija kuomba kazi. Jambo hili lilionekana zamani. Mkutano wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, uliofanyika Washington mwaka 1919, ulitoa mkataba juu ya uzazi ukitaka malipo ya mama yatoke katika hazina ya umma au katika bima. Nao mkataba mpya zaidi, wa mwaka 2000, wataka likizo isiyopungua majuma 14, yaani siku 98. Maana yake ni wazi: mtoto ni faida kwa taifa zima, basi mzigo wake usitupwe juu ya bega moja. Wabunge wetu wafikiri neno hilo. Lakini mpaka sheria ibadilike, deni la mwajiri ni deni.

Haki ina upande wa pili, nao ni ukweli. Tumesikia mara nyingi juu ya mtu anayemwazima shemeji yake kadi ya bima ili akajifungulie, au anayeandikisha mtegemezi asiye wake. Husema, “Ni ndugu yangu, ningemwachaje?” Huruma hiyo ni njema, ila imelipa kwa mkoba wa watu wengine. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, una hesabu. Kila kadi iliyoazimwa yapunguza dawa ya mama mwingine asiyejulikana, ambaye naye ni ndugu wa mtu. Ukitaka kumsaidia shemeji, fungua mkoba wako. Anayesema fao ni haki yake hana ruhusa ya kulipata kwa uwongo, kwa kuwa uwongo ndio unaoligeuza fao kuwa wizi, na kuwapa wenye dharau sababu ya kuwashuku akina mama wote.

Na mkulima wa Rukwa je, na mama anayeuza vitumbua Mwanza, wasio na mshahara wala mwajiri? Hawa ndio wengi. Kwa sera ya Serikali, huduma za uzazi katika vituo vya umma hutolewa pasipo malipo; walakini akina mama wengi huambiwa waje na vifaa vyao, na asiye navyo huona haya kwenda mapema. Sheria yamruhusu aliyejiajiri kujiunga na mfuko kwa hiari yake. Tena mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Jina la sheria ni zuri. Tutaipima kwa mama wa vitumbua, wala si kwa mama wa ofisini.

Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili, akiandika juu ya kazi ya binadamu, alitaja ruzuku kwa akina mama na matibabu ya bei nafuu kwa wafanyakazi miongoni mwa mambo wanayostahili watu kwa haki. Kwa hiyo anayedhani kwamba kudai ni kukosa unyenyekevu, na afikiri tena. Unyenyekevu ni kuujua ukweli wa hali yako. Na ukweli wa mama mjamzito ni kwamba yeye ahitaji wengine, na wengine wamhitaji yeye.

Basi ushauri wetu ni huu. Mama, uliza mapema kwenye ofisi ya mfuko michango yako imefika miezi mingapi, usingoje uchungu. Mpe mwajiri taarifa kwa maandishi, nawe ubaki na nakala. Tunza kadi ya kliniki na karatasi za mshahara mahali pamoja. Sema kweli katika kila mstari unaojaza. Baba, fuatana naye, na akichoka ushike foleni kwa niaba yake. Mwajiri, mwandikishe aliyeko jikoni kwako kabla ya kumaliza mwezi huu. Nawe karani uliyekaa dirishani, anayekujia amebeba mtoto tumboni hakuja kukuomba chako. Mpe kiti, kisha mpe kilicho chake.